Hewa Tuliyoichemsha Ikatoka

Jerikeni ilikuwa na maji matupu ya bomba, kwa sababu siku hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: kama pampu niliyotaka kuitumia kutia hewa kwenye bia ninayotengeneza nyumbani ingeweza kuisukuma hadi kwenye kitako cha maji ya lita 20 bila kuzidiwa. Ilikuwa pampu ndogo ya wafugaji wa samaki, ile wanayoitumia kwenye matangi ya vifaranga, nami nilikuwa nimeiweka juu ya stuli uani. Mpira wake mwembamba ulishuka hadi kwenye kitako cha jerikeni, ambako jiwe la hewa, kipande chenye vitundu vidogo kinachofungwa mwishoni mwa mpira, lilikuwa likitoa viputo vidogo sana hata maji yakaonekana meupe.

Jirani yetu hapa Walukuba, mjini Jinja, mzee mstaafu wa reli ambaye tangu aache kazi hutengeneza tonto, pombe ya ndizi, alisimama akatazama kwa muda kabla ya kuuliza.

"Hiyo ni ya nini, mwanangu?"

Nilimweleza kwamba maji ya kimea, yale matamu ya nafaka iliyooteshwa ambayo huwa bia, yakishachemshwa saa nzima hubaki bila hewa ndani yake, na kwamba hamira haizaani vizuri pasipo hewa, kwa hiyo ni lazima tuirudishe kabla hatujatia hamira.

"Sasa mliitoa ya nini, kama mnaitaka?"

Nikamjibu kwamba hatukukusudia kuitoa, Mzee. Tulikusudia kuua vijidudu na kutoa uchungu kwenye hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, na hewa ikaondoka pamoja na mvuke. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, kisha akaielekeza fimbo yake kwenye pampu.

"Na hii inayoingia sasa, nayo umeichemsha?"

Swali hilo limenisumbua kwa wiki nyingi, na ndilo lililobadilisha kifaa nilichokuwa nakijenga.

Kinachoondoka na mvuke

Maji yanayochemka hayashiki gesi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo oksijeni iliyoyeyuka inavyotoka, na baada ya saa moja ya kuchemka kwa nguvu, sufuria ya kimea huwa haina oksijeni ya kutosha kuilisha hamira. Louis Pasteur alikwisha kuchunguza uhusiano wa hamira na hewa katika karne ya 19, lakini sababu yenyewe ilikuja kueleweka baadaye, pale watafiti Andreasen na Stier walipoonyesha mwaka 1953 na 1954 kwamba hamira iliyonyimwa oksijeni kabisa haiwezi kuendelea kukua isipokuwa ipewe vitu viwili kutoka nje: ergosteroli, ambayo ni aina ya mafuta yaitwayo steroli, na asidi za mafuta zisizokolea.

Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyojenga utando wa seli. Kwa hiyo hamira haiitaki oksijeni kwa ajili ya kutengeneza kileo, maana kileo hutengenezwa bila oksijeni. Inaitaka ili ijenge utando wa kutosha kwa watoto itakaowazaa. Kila seli inapogawanyika, mama na mtoto hugawana steroli iliyopo, na ikishapungua mno mgawanyiko husimama, na seli zilizopo hudhoofika mbele ya kileo zinachokitengeneza zenyewe. Anayetengeneza bia nyumbani hayaoni hayo yote. Anachokiona ni haidromita, kipimo cha sukari kinachoelea kwenye bia, inayokataa kushuka, na bia tamu kupita kiasi ambayo imesimama katikati ya safari.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi tunaotengeneza bia nyumbani, tukizungumza kuhusu vifaa vya kuingizia hewa, huwa tunalitazama povu. Tunasifu kifaa kinachotoa povu jingi. Povu ni hewa iliyokwisha kutoka kwenye maji, na hamira haina njia ya kuifikia hewa iliyo juu ya maji.

Ziwa linaweka kikomo

Swali la mzee kuhusu hewa tuliyoitoa lilinirudisha kwenye hesabu ya kiasi kinachoweza kurudi, ambayo sijawahi kuiona ikifanywa kwa ajili ya mji wetu. Maelekezo tunayoyasoma huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, mahali penye maji baridi ya bomba. Wanasema hamira ya bia za kawaida hutaka kama miligramu 8 hadi 10 za oksijeni katika kila lita, nao wanaendelea kana kwamba kiasi hicho kinapatikana popote.

William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika maji hufuata kanieneo, yaani msukumo, ya gesi hiyo juu ya maji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Jinja imekaa juu yake kidogo, kwa hiyo kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 87 ya ile ya pwani. Maji safi ya nyuzi 25 huko Mombasa yanaweza kushika kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu, kwa joto lilelile, yanashika kama 7.2, na sukari iliyomo katika maji ya kimea inapunguza zaidi.

Hakuna pampu inayovuka kikomo hicho.

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mtu anaweza kununua pampu kubwa mara tatu, akaiacha ingurume usiku kucha, na maji ya kimea yakaishia palepale, kwa sababu hewa inayoingia na hewa inayotoka zimekwisha kulingana. Lakini kikomo chenyewe husogea maji yakipozwa. Maji yetu ya bomba hayaniwezeshi kushuka chini ya nyuzi 25 hivi, ila nikimalizia kwa barafu hadi nyuzi 18 kikomo kinapanda hadi karibu miligramu 8.2. Ongezeko hilo halitoki kwenye pampu. Barafu nayo ni kifaa cha kuingizia hewa, ingawa sijasikia mtu akiiita hivyo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo jingine ambalo nimelipenda. Mwenzetu wa Kabale, aliye karibu mita 2,000 juu, ana kanieneo ya karibu asilimia 80 tu, na ungedhani kwamba yeye ndiye mwenye shida kubwa. Lakini baridi ya kule inamlipa: maji yake yakipoa hadi nyuzi 17 yanaweza kushika kama miligramu 7.7, ambayo ni zaidi ya tunayoyapata Jinja kwa nyuzi 25.

Ipo njia ya kuvuka kikomo cha hewa, nayo ni oksijeni safi ya mtungi, kama ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kwa lita 20 kinatosha kiasi cha lita moja kwa dakika kupitia jiwe zuri, kwa dakika moja hivi. Nimeiacha kwa sababu mbili. Oksijeni iliyo katika mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta au grisi kwenye reguleta, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo, inaweza kuwaka moto, na ua wetu una watoto wengi. Tena ni rahisi mno kuzidisha, kwa maana oksijeni safi inaweza kuyeyuka mara tano ya ile inayotokana na hewa. Kuhusu mitungi ya hospitali sina la kujadili. Hiyo ni ya wagonjwa.

Mrija au pampu

Kabla ya pampu nilikuwa nikitumia mrija ambao watu huuita wa Venturi, kwa kumbukumbu ya Giovanni Battista Venturi, Mwitalia aliyeeleza mwaka 1797 jinsi kimiminika kinavyopunguza kanieneo yake kinapopita kwa kasi mahali pembamba. Ni kipande kifupi cha bomba jembamba la shaba au chuma cha pua, kinachounganishwa katikati ya mpira unaoshusha maji ya kimea kutoka kwenye sufuria hadi kwenye chombo cha kuchachushia. Unakitoboa matundu manne ya kama milimita 1.5 karibu na mwanzo wake. Maji yanapopita kwa kasi hayatoki kwenye matundu. Hewa ndiyo inayovutwa ndani, na mpira wote unajaa viputo.

Naupenda mrija huo. Hauhitaji umeme, hauna kitu kinachozunguka wala kuungua, na kazi yake inakwisha pale maji yanapomaliza kushuka. Fundi yeyote mwenye keekee anaweza kuutengeneza kwa muda mfupi, na unaweza kuuchemsha mzima ukawa safi.

Tatizo ni kwamba unavuta hewa ya mahali ulipo, yoyote iliyopo. Kwa kawaida hewa hiyo ni ya jikoni, mahali ambapo asubuhi yake umesaga kimea. Vumbi la kimea limejaa bakteria wa asidi ya laktiki, wale wanaoishi kwenye maganda ya nafaka, na vumbi hilo huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Maji ya kimea yaliyopozwa hadi nyuzi 25 yana sukari na protini, hayana kileo bado, hayana asidi ya kutosha, na hamira ndiyo kwanza inaamka. Hakuna saa nyingine ambayo bia iko wazi zaidi kwa adui.

Saa hiyo ndiyo tunayoichagua kuipulizia hewa.

Hapo swali la mwisho la mzee, kama hewa inayoingia nayo imechemshwa, lilinishika barabara. Mjadala wetu wote wa vifaa ulikuwa juu ya jinsi ya kuingiza hewa nyingi, ilhali kiasi kimekwisha kuamuliwa na ziwa na kipimajoto. Kilichobaki mikononi mwa mjenzi wa kifaa ni usafi wa ile hewa. Tukiirudisha ikiwa na vijidudu, tumeitengua kazi ya saa nzima ya kuni au gesi.

Pamba ya mafundi wa magodoro

Hewa haichemshwi, lakini inaweza kuchujwa. Schröder na von Dusch, wanasayansi wawili Wajerumani, walionyesha mwaka 1854 kwamba hewa iliyopitishwa kwenye pamba haiozeshi mchuzi uliochemshwa. Pamba haifanyi kazi kama chujio la chai, ambalo huzuia kitu kwa sababu tundu ni dogo kuliko kitu chenyewe. Nafasi kati ya nyuzi za pamba ni kubwa kuliko bakteria. Kinachotokea ni kwamba hewa inalazimika kupinda mara nyingi, na vijidudu pamoja na vumbi linalovibeba hugonga nyuzi na kunasa humo.

Pampu inaipa faida kubwa njia hii, kwa sababu hewa yote hupita mahali pamoja na inasukumwa kwa nguvu. Nilichukua bomba la sindano la mililita 50, nikatoa kisukumio chake, nikalishindilia pamba, kisha nikaliunganisha kati ya pampu na jiwe. Maduka ya vifaa vya maabara huuza vichujio vidogo vya maikroni 0.2 ambavyo ni bora kuliko pamba yoyote, na mwenye uwezo avinunue. Mimi nilitaka kitu ambacho mtu wa Bugembe au Iganga anaweza kukitengeneza leo.

Lakini pamba gani?

Ya duka la dawa ilikuwa jibu la haraka, na nilipoifikiria zaidi niliiona haifai. Pamba hiyo imeondolewa nta yake ya asili ili inyonye damu na dawa, na hiyo ndiyo sifa tusiyoitaka. Pamba ikilowa, nyuzi zake hushikamana, hewa hupita kwa shida, na vijidudu vilivyonaswa hupata unyevu wa kuwawezesha kukua na hatimaye kuvuka upande wa pili. Wataalamu wa maabara huziba chupa zao kwa pamba isiyonyonya maji, na pamba ya namna hiyo ni ile mbichi, iliyotolewa mbegu tu kwenye kinu, bado ikiwa na nta yake. Busoga ni nchi ya pamba tangu enzi za babu zetu. Mafundi wa magodoro wanayo kwa magunia.

Ina vumbi, kwa hiyo naichambua kwa mkono, naifunga katika karatasi ya aluminiamu na kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa saa mbili. Hugeuka rangi kidogo, na hilo halina madhara. Plastiki ya bomba la sindano haiwezi kustahimili joto hilo, basi yenyewe naiosha na kuitia kwenye maji ya klorini, naisuuza kwa maji yaliyochemshwa, naikausha kabisa, halafu naijaza pamba kwa koleo safi. Pamba hubadilishwa kila mara. Ni ya bei ndogo mno kuifanyia ubahili.

Jiwe nalo lina masharti yake. Mawe ya mchanga yanayouzwa pamoja na matangi ya samaki yana vinyweleo visivyosafishika, na sukari ikibaki ndani yake huwa makao ya kila aina ya ukungu. Jiwe la chuma cha pua ni ghali, lakini linachemshwa dakika 15 kabla ya kazi na tena baada ya kazi, na mtu akikumbuka kutolishika kwa vidole vyenye mafuta litadumu miaka.

Na kuna umeme. Pampu ikizimika ghafla wakati jiwe limezama, maji ya kimea hupanda kwenye mpira, na ikiwa pampu iko chini kuliko usawa wa maji yataendelea kupanda hadi kwenye pamba na kisha hadi ndani ya pampu yenyewe. Ndiyo sababu pampu huwekwa juu ya chombo, kamwe si sakafuni. Vali ndogo ya njia moja, inayouzwa na walewale wa vifaa vya samaki, huongeza usalama. Mahali pake ni kati ya pamba na jiwe.

Mtumbwi wa mzee

Nilimtembelea mzee baadaye, na nilitazama kazi yake kwa macho tofauti. Ndizi zake za mbidde, ambazo ni ndizi za pombe, zikishaiva hukanyagwa pamoja na nyasi ziitwazo lusenke mpaka maji yatoke, maji hayo huchujwa, huongezwa maji mengine, huwekwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kuachwa katika mtumbwi wa mti uliofunikwa majani ya migomba. Hakuna kinachochemshwa. Hewa iliyoingia wakati wa kukanyaga na kumimina bado imo, na hamira iliyoko kwenye maganda, nyasi na mtumbwi huipata yote bila pampu.

Bakteria nao wanaipata. Wa siki hasa, ambao hugeuza kileo kuwa siki kwa kutumia oksijeni hiyohiyo. Tonto inajua hilo, nao wanaoitengeneza wanalijua: inanyweka siku chache tu, ikiwa bado tamu na kali kidogo, kabla uchachu haujaishinda. Nawasikia vijana wenzangu wakiiita pombe chafu na sikubaliani nao hata kidogo. Ni pombe iliyopangiwa muda wake. Kila hatua ya mzee inafuata uamuzi huo mmoja, wa kunywa mapema.

Bia yangu imepangiwa muda mwingine. Inakaa majuma mawili kwenye chombo, kisha kwenye chupa kwa majuma mengine, na bakteria wachache walioingia siku ya kwanza wana nafasi ya kuwa wengi. Kwa hiyo sina ruhusa ya kuiga ulegevu wa mtumbwi, kama vile mzee asivyohitaji pamba yangu. Nilimwonyesha bomba la sindano lililojazwa pamba. Aliligeuzageuza, akapuliza upande mmoja na kuweka kiganja upande wa pili.

"Sasa imechemshwa," akasema.

Shaka iliyobaki

Lipo jambo ambalo ningeweza kulinyamazia, kwa sababu linatishia kuifanya makala yote hii isiwe na haja. Hamira kavu ya paketi, ambayo wengi wetu tunaanza nayo, hukuzwa kiwandani kwa hewa nyingi na hukaushwa ikiwa na akiba kubwa ya steroli. Watengenezaji wake wanasema wazi kwamba si lazima kuitilia hewa. Anayetumia paketi mpya kila mara, kwa bia ya nguvu ya kawaida, anaweza kuacha pampu dukani na bia yake ikaenda vizuri.

Lakini nani kati yetu anatumia paketi mpya kila mara? Paketi hizo husafiri kutoka Ulaya, hupatikana kwa kuagiza, na bei yake kwa pombe moja inauma. Tunachofanya ni kukusanya tope la hamira chini ya chombo, kulihifadhi kwenye mtungi wa baridi, na kulitumia tena katika pombe inayofuata. Hamira ya tope hilo imekwisha kugawana akiba yake kizazi kwa kizazi, na haina kitu. Kwayo hewa ni lazima. Naamini zile bia zetu zinazokwama mara ya tatu au ya nne, ambazo tumezoea kusema hamira imezeeka, nyingi ni za hamira yenye njaa ya oksijeni.

Kwa hiyo sasa nafuata utaratibu huu. Paketi mpya haipati pampu. Tope la hamira linapata: maji ya kimea yapozwe kwa barafu hadi nyuzi 18, pampu iendeshwe nusu saa kupitia pamba kavu, na chombo kiachiwe nafasi ya juu kwa ajili ya povu. Bia nzito, zile za sukari nyingi zinazoanzia 1.070 kwenye haidromita kwenda juu, nazipa hewa mara ya pili kabla ya saa 18 kupita tangu hamira iingie, maana kufikia hapo hamira imekwisha kuitumia ile ya kwanza na kikomo cha ziwa kinaanza upya. Huo ndio ujanja pekee ninaoufahamu wa kulipita ziwa bila mtungi wa oksijeni. Baada ya saa hizo mpira hutoka na haurudi, kwa sababu oksijeni inayoikuta bia iliyokwisha kuchachuka huipa ladha ya karatasi na kuizeesha upesi.

Kinachonishughulisha sasa ni mrija wa Venturi, kwa ajili ya walio vijijini wasio na umeme. Nimemwomba fundi anitengenezee ala ya bomba pana zaidi itakayoyazunguka yale matundu manne, ili hewa isiyafikie ila kwa kupita kwenye pamba. Shaka yangu ni kwamba pamba ikishindiliwa sana mvuto wa maji hautatosha kuivuta hewa, na ikilegezwa haitanasa kitu. Nadhani jibu liko kwenye upana wa ala: pamba nyembamba iliyotandazwa juu ya eneo kubwa, badala ya kizibo kirefu na chembamba. Aliyewahi kujaribu aniambie alitumia upana gani.